Viatu na mavazi ya kutembea milimani na porini: maswali tunayoulizwa kila safari

Kikundi chetu hutoka Morogoro mjini Jumamosi moja kila mwezi. Wageni huanza na Morning Side, kwenye miteremko ya Uluguru juu ya mji, wakizoea hupanda kilele cha Bondwa, na wenye hamu huendelea hadi Udzungwa, Lushoto, Meru na mwishowe Kilimanjaro. Tangazo la safari likitoka tu, simu huanza kuita, na maswali ni yale yale: nivae nini, nikanyagie nini. Nimeyaweka pamoja na majibu yake. Mengi nimejifunza nikiwa njiani, nimeketi kando ya mtu aliyechubuka visigino au anayetetemeka hadi hawezi kufunga zipu. Bei sikuandika, kwa kuwa hubadilika kila soko na kila msimu.

Nina raba za kukimbilia. Zinatosha?

Kwa safari nyingi za siku moja wakati wa kiangazi, ndiyo. Morning Side, vijiji vya Lushoto, hata Ngong na Longonot kule Kenya, watu huenda na raba na kurudi salama. Ila kabla hujaamua, igeuze uangalie soli. Kama meno yameisha na pamebaki laini kama kigae, iache nyumbani. Kisha shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mkono mwingine, uinyonge kama unavyokamua nguo. Raba inayonyongeka kama kitambaa itauachia mguu wako kazi yote ukifika kwenye mawe. Mwisho bonyeza ukuta wa kisigino kwa kidole gumba. Ukilala kabisa, mguu utachezacheza humo ndani siku nzima.

Masika ni habari nyingine. Udongo mwekundu wa Uluguru ukilowa hunata kwenye soli mpaka unahisi umefungwa tofali kila mguu. Hapo unahitaji meno marefu yaliyoachana, ili tope lidondoke lenyewe unapotembea. Meno madogo yaliyobanana hujaa baada ya hatua chache, na kuanzia hapo unateleza kama mtu asiye na meno kabisa chini ya kiatu.

Sasa buti zina faida gani?

Hukinga kifundo cha mguu dhidi ya mawe na miiba, na soli yake ngumu hupunguza uchovu ukiwa na mzigo mgongoni juu ya mawe yaliyovunjika. Wengi huamini kwamba shingo ndefu ya buti ndiyo inayozuia mguu usiteguke. Inasaidia kiasi, lakini kwa ninavyoona mimi kazi kubwa hufanywa na soli isiyonyongeka pamoja na kisigino kilichoshikwa vizuri.

Usinunue buti nzito ya ngozi kwa ajili ya safari za siku moja. Mzigo wa mguuni unauinua kila hatua, na hatua za siku moja ni maelfu. Kwa Meru na Kilimanjaro buti ni lazima, kwa sababu ya baridi, ya changarawe, na zaidi ya yote kwa sababu ya kushuka. Siku ya kilele kwa njia ya Machame unatoka kambi ya Barafu, karibu mita 4,670, unafika kilele cha Uhuru mita 5,895, kisha unashuka siku hiyo hiyo hadi kambi ya Mweka, karibu mita 3,100. Ni mteremko wa mita 2,800 hivi kwa siku moja, na miguu yako ndiyo breki.

Nitajuaje kama kiatu kinanitosha sawasawa?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata wenye pesa, kwa hiyo nisome taratibu.

Nenda kununua jioni. Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na ukitembea kwa saa nyingi huvimba zaidi. Kiatu kilichokukaa vizuri saa tatu asubuhi kitakubana saa tisa mchana. Beba soksi zile zile utakazotembea nazo. Kuazima soksi nyembamba ya muuzaji ni kujidanganya.

Vaa kiatu bila kufunga kamba, sogeza mguu mbele mpaka vidole viguse ncha, kisha ingiza kidole chako cha shahada nyuma ya kisigino. Kikipita kwa kubana kidogo, urefu unafaa. Kisipopita, ongeza namba. Sasa gonga kisigino chini ili mguu urudi nyuma, funga kamba, na utembee. Kisigino kikiinuka kila hatua, kiatu kitakuchubua hata kama ni cha bei ya ng'ombe. Upana nao uangalie: vidole vinapaswa kukunjuka na kujitandaza. Sisi tuliokulia kwenye ndala na kutembea pekupeku wengi tuna miguu mipana mbele, na buti nyingi za kutoka nje hubana hapo hapo. Usikubali kuambiwa kwamba kitapanuka. Ngozi hupanuka kidogo, soli haipanuki.

Jaribio la mwisho ni la mteremko. Tafuta ngazi au ubao ulioinama, ushuke kwa kukanyaga kwa nguvu. Vidole vikigonga mbele hata mara moja, kiatu hicho kitakuachia kucha nyeusi. Nimeona watu wakipoteza kucha za vidole gumba wiki mbili baada ya kushuka Kilimanjaro, na wote kiatu kiliwatosha kabisa walipokuwa wamesimama dukani.

Miguu miwili ya mtu mmoja mara nyingi hailingani. Nunua kwa kufuata ule mkubwa, na ule mdogo uuongezee soli ya ndani.

Buti za mitumba ni salama?

Nusu ya kikundi chetu huvaa mitumba, na mimi nimo. Memorial pale Moshi, Kilombero Arusha, Karume Dar es Salaam, Gikomba Nairobi: kote huko utapata buti ambazo zikiwa mpya mshahara wa mwezi usingezifikia. Lakini kuna jambo moja ambalo muuzaji hakuambii, na mara nyingi hata yeye halijui.

Mwaka mmoja tulikuwa tunashuka Meru, kutoka kibanda cha Saddle kilicho mita 3,570 kwenda Miriakamba, mita 2,514. Dada mmoja alikuwa na buti nzuri ajabu, ngozi inang'aa, meno ya soli marefu kana kwamba hazijawahi kukanyaga chini. Katikati ya njia soli ya mguu wa kulia ikabanduka nzima kama ganda la ndizi. Haikupita saa moja, ya kushoto nayo ikafuata. Tulizifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli ambao mmoja wetu hufungia mizigo, akashuka hivyo akiwa anachechemea, na machozi yanamtoka.

Buti zile ziliharibika kwa sababu hazikuvaliwa. Katikati ya mpira wa chini na ngozi ya juu, buti nyingi zina tabaka la sponji la poliyurethani. Sponji hiyo humeng'enywa polepole na unyevu wa hewani, hata kiatu kikiwa kabatini. Miaka ikipita hupoteza mshiko, ikawa kama keki iliyokauka. Buti ya mtumba inayoonekana mpya inaweza kuwa imekaa stoo Ulaya miaka kumi, ikasafiri baharini, ikaja kwenye joto na unyevu wetu, na imebakiza safari moja tu.

Namna ya kuikagua: bonyeza kwa ukucha pembeni, hapo kwenye tabaka la katikati. Sponji hai hurudi mara moja. Iliyokufa hubaki na alama, au hutoa unga, au hunata kidoleni. Kisha kunja ncha ya kiatu kwa nguvu mara ishirini, ukiangalia kama nyufa nyembamba zinajitokeza. Jaribu kubandua ukingo wa soli kwa kidole gumba. Muuzaji akikasirika, weka kiatu chini uende kibanda kinachofuata. Ukishanunua, zivae mjini wiki mbili mfululizo kabla ya mlima. Kama zitakufa, zifie stendi, ambako bodaboda ipo.

Fundi viatu anaweza kukushonea soli kwa mshono wa kuzunguka, na ninashauri hivyo kwa buti yoyote ambayo gundi yake ni ya zamani. Lakini mshono hauiokoi sponji iliyokufa. Uzi huikata kama wembe.

Toa pia soli ya ndani uiangalie. Mguu wa mwenye kiatu wa kwanza umechorwa hapo. Kama alikuwa akikanyagia upande, kisigino cha nje kimelika upande mmoja na kiatu kitakusukuma wewe nawe huko huko. Soli ya ndani itupe, weka mpya, na kiatu chenyewe kioshe kwa sabuni na kukiacha kikauke vizuri, maana fangasi wa miguu hurithishwa kwa njia hiyo.

Nimenunua buti mpya kabisa. Nizivae siku ngapi kabla ya mlima?

Za kitambaa, siku saba hivi za kutembea kazini na sokoni. Za ngozi, wiki tatu au nne, na ndani yake safari mbili ndefu zenye vilima. Hakuna njia ya mkato. Kuloweka kiatu kwenye maji ya moto, kama wengine wanavyoshauri, huua gundi.

Soksi nazo zina maana kiasi hicho?

Zina maana kuliko chapa ya kiatu. Soksi ya pamba hunyonya jasho na kubaki nalo, ngozi inalainika, kisha inasuguliwa hadi inatoka. Tafuta ya sufu, au ya sufu iliyochanganywa na nailoni. Sufu hubeba unyevu mwingi bila kukufanya uhisi umelowa, na hata ikilowa bado hutunza joto. Kwenye meza za mitumba soksi za sufu hupatikana, na watu huzipita kwa sababu huonekana za kizee.

Jozi tatu kwa safari ya siku kadhaa: moja ya kutembelea, moja inakauka, na moja ya kulalia ambayo haigusi njia kamwe.

Usivae jozi mbili nene ndani ya kiatu kinachobana ukidhani utapata joto. Damu haipiti, na vidole ndipo vinapoganda hasa. Kama kiatu kina nafasi, soksi nyembamba ndani na nene juu yake ni sawa.

Lengelenge likianza nifanye nini?

Simama pale pale. Kabla ya lengelenge huja joto, sehemu moja ya mguu inaungua kidogo, na watu huona haya kusimamisha kundi. Usione haya. Vua, kausha, bandika plasta ya kitambaa iliyo pana, laini, isiyo na mikunjo, funga kamba upya, nenda. Likishajaa maji na njia bado ndefu, litoboe pembeni kwa sindano iliyosafishwa, likamue, na ngozi ya juu uiache ilivyo. Mwenye kisukari asitoboe. Amwone daktari.

Wamasai hutembea siku nzima na makatambuga. Kwa nini mimi nihitaji buti?

Makatambuga, au akala kama wanavyoita Kenya, ni kiatu chenye akili. Tairi la gari halipitishi mwiba wa mgunga, halilowi, halihitaji kamba mpya kila mwezi. Kwa nyika kavu iliyo tambarare nayapendekeza kwa moyo wote, kwa aliyeyazoea. Aliyeyazoea, maana nyayo na vifundo vya mtu aliyetembea hivyo tangu utotoni vina nguvu ambayo wewe wa ofisini huna. Kwenye tope la mteremko huteleza, na kwenye baridi ya mita 4,000 hayakusaidii.

Ndala na yeboyebo ni za kambini jioni, na hapo zibebe kweli, mguu upumue. Pekupeku hapana. Funza, safura na vipande vya chupa vipo. Na kwenye nyanda za juu zenye udongo mwekundu wa volkano kuna ugonjwa wa kuvimba miguu unaowapata watu waliotembea bila viatu kwa miaka mingi. Rwanda huuita imidido. Viatu na kunawa miguu huuzuia.

Naweza kuvaa jinzi?

Hapana. Hata Bondwa, hapana. Jinzi ikilowa huwa nzito, hubana magoti, huchubua mapaja, na haikauki siku hiyo. Vaa suruali ya traksuti ya poliesta, au ile nyepesi ya mifuko mingi isiyo ya pamba. Ni rahisi kuliko jinzi na inakauka ukiwa unatembea.

Mbona nyumbani tunaambiwa pamba ndiyo nguo bora ya joto?

Ni bora kwa Dar es Salaam, ukiwa umeketi barazani. Pamba hushika jasho, jasho linapokauka polepole unapoa, na kwenye joto la pwani hiyo ni raha. Mlimani raha hiyo hugeuka hatari. Unapanda ukitoka jasho, unafika juu unasimama kupiga picha, upepo unavuma kwenye fulana iliyolowa. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi mara 25 hivi kuliko hewa. Nimemwona kijana mwenye nguvu akitetemeka Bondwa, mlima unaopita mita 2,000 kidogo tu, saa saba mchana, kwa sababu ya fulana ya pamba na ukungu.

Kwa hiyo kinachogusa ngozi kiwe poliesta au sufu. Jezi ya mpira wa miguu inafanya kazi hii vizuri kabisa, na nani hana jezi? Kwenye mitumba soma kitambulisho cha ndani ya shingo. Kikisema "cotton 100%", hiyo ni ya kulalia au ya kurudi nayo nyumbani.

Tunapanda Kilimanjaro Desemba kuadhimisha Uhuru. Nivae nini?

Kila mwaka makundi ya Watanzania hupanda kuelekea 9 Desemba, siku ambayo mwaka 1961 Alexander Nyirenda aliuweka Mwenge kileleni. Nafurahi sana kuona wenyeji wanaupanda mlima wao. Ila Desemba mvua za vuli huwa hazijaisha, msitu una tope na juu kunaweza kuwa na theluji. Jipange hivyo.

Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Moshi mjini ni chini ya mita 1,000, Uhuru ni 5,895. Ondoa nyuzi thelathini kwenye joto la Moshi na utaona unakokwenda, tena kilele hupandwa usiku na upepo haujahesabiwa. Nyuzi 15 chini ya sifuri si jambo la ajabu.

Siri ni kuvaa tabaka nyembamba kadhaa badala ya koti moja nene. Ukitembea unavua, ukisimama unavaa, na lengo ni usitoke jasho kabisa. Kutoka geti la Marangu au la Machame, ndani ya msitu, jezi na suruali nyepesi vinatosha, koti la mvua likiwa juu kabisa kwenye begi. Kuanzia kambi ya Horombo, mita 3,720, jioni utataka sweta ya flisi, kile kitambaa chepesi cha manyoya ya poliesta ambacho mitumbani kimejaa tele, pamoja na mzula wa kufunika masikio.

Usiku wa kilele mimi huvaa hivi. Miguuni: taiti ya joto, suruali ya flisi, na juu yake suruali ya kuzuia upepo. Juu: fulana ya joto ya mikono mirefu, fulana nyingine, flisi, jaketi la manyoya ya bata au la sponji lenye kofia, na koti la kuzuia upepo juu ya yote. Mkononi glovu nyembamba, na juu yake glovu kubwa ambazo vidole vinne vinakaa pamoja, kwa sababu vidole vilivyo pamoja hupashana joto. Uso uufunike kwa mzula unaoshuka hadi shingoni. Mnaondoka karibu saa sita usiku, na saa tisa hadi kumi na moja alfajiri ndizo ngumu. Mtu anayepatwa na baridi saa hizo mara nyingi si kwamba hakuvaa vya kutosha. Alivaa vyote saa sita, akapanda akitoka jasho, na sasa amelowa kwa ndani.

Jaketi la kilele na fulana za joto si lazima ununue. Moshi kuna maduka mengi ya kukodisha, na Marangu unaweza kukodi hata pale getini. Vitu vitatu usikodi: viatu, soksi na fulana inayogusa ngozi.

Changarawe ya kushukia itakuingia kiatuni kama maharage gunia. Vile vifuniko vya kitambaa vinavyofungwa kuanzia kiatu hadi chini ya goti vinasaidia sana, na vinakodishwa pia.

Koti la mvua: nitajuaje kama la mtumba bado linazuia maji?

Ligeuze nje ndani uangalie mishono. Koti zuri lina utepe uliobandikwa juu ya kila mshono. Ukiwa unabanduka au umekuwa mgumu na kukatika, maji yatapita hapo. Kama kwa ndani kuna ngozi nyeupe inayotoka magamba, liache, halitengenezeki. Ukishalifikisha nyumbani mwagia maji begani, subiri dakika tano, pitisha mkono kwa ndani. Maji yakitandaa juu ya kitambaa bila kupenya, koti bado lina uhai. Lifue kwa sabuni laini bila kulaini nguo.

Ponjo, lile shuka la mvua linalofunika hadi begi, ni rahisi na linapitisha hewa, linafaa msituni. Juu ya msitu upepo hulifanya tanga. Mwavuli? Vijijini Lushoto, kwa nini isiwe.

Ndani ya begi nguo kavu ziweke kwenye mfuko usioingiza maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, na Kenya tangu 2017, kwa hiyo usitegemee ile ya zamani. Kiroba kizima chenye utando wa plastiki ndani, kilichokunjwa mdomo mara mbili, hufaa.

Mimi huvaa hijabu na sketi ndefu. Nitaweza?

Dada zetu wengi hutembea hivyo na hawaachwi nyuma. Gauni au sketi ya kitambaa chepesi cha poliesta, iishie juu ya kifundo cha mguu, pana kiasi cha kupandisha mguu kwenye jiwe, na taiti au suruali ndani yake. Sketi inayoburuza chini ndiyo ya hatari, hasa mkishuka, maana unaikanyaga mwenyewe. Hijabu ya michezo, ile ya kuvaa bila pini, hukauka haraka na haipeperuki. Kileleni mzula huvaliwa juu yake. Sidiria iwe ya michezo na isiwe ya pamba, kwani ndiyo nguo inayochelewa kukauka kuliko zote.

Na kila mtu, mwanamke kwa mwanamume, abebe kanga moja. Ni pazia la kubadilishia nguo, ni taulo, ni skafu ya vumbi, ni bandeji ya kufungia mkono uliovunjika.

Rangi ya nguo ina maana?

Ndiyo, mara mbili. Kwanza mbung'o: huvutwa na bluu iliyokolea na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ukienda Saadani, Tarangire au Serengeti vaa kaki, kijani kilichofifia, kahawia. Kitambaa kiwe kizito kidogo na kilegee, kwani mbung'o huuma kupitia nguo nyembamba iliyobana.

Pili, na hili si la mzaha: nguo za mabaka ya jeshi ni marufuku kwa raia Tanzania, Kenya na Uganda. Kwenye mitumba zipo, ni imara, zinavutia. Usinunue, na ukiwa na mgeni kutoka nje mwambie kabla hajafunga begi.

Kupe, siafu, upupu, nyoka?

Suruali ndefu ndani ya soksi, basi. Utaonekana kama mwanafunzi wa zamani lakini siafu hawatafika gotini. Mikono mirefu ni kwa ajili ya upupu, ambao hujaa kando ya njia wakati wa kiangazi ukiwa umekauka. Nyoka wa kuogopa zaidi ni kifutu, kwa sababu hulala njiani bila kukimbia na humuuma anayemkanyaga, chini ya goti. Buti na suruali pana hupunguza madhara. Macho ndiyo hukuepusha naye.

Watoto je?

Raba iliyowatosha leo, siyo ya kukua nayo. Kiatu kikubwa huwaangusha. Nguo za kubadilisha jozi mbili, maana mtoto atakaa majini tu.

Na jua?

Mionzi ya jua huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 kila mita 1,000, na ngozi nyeusi nayo huungua huko juu. Pua, midomo na masikio kwanza. Kapelo haifuniki masikio wala shingo, vaa kofia ya pama. Kwenye theluji miwani ya jua ni lazima, macho huungua pia.

Kwa wenzetu wenye ualbino hili linatangulia yote: pama yenye ukingo mpana, mikono mirefu iliyofumwa kwa kubana, glovu nyembamba, na mafuta ya kuzuia jua. Moshi hutengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya ngozi hiyo hasa. Tukiwa nao tunaanza safari saa kumi na moja alfajiri, na kundi zima linakubali.

Pesa yangu ni ndogo. Nianze na nini?

Kiatu kinachokutosha. Kisha soksi mbili za sufu, kisha koti la mvua. Jezi unayo, traksuti unayo, flisi utaipata mtumbani kwa bei ya chakula cha mchana. Vingine azima au kodi hadi ujue kama unaupenda mchezo huu.

Buti zimelowa. Nizianike wapi?

Kivulini penye upepo, soli ya ndani imetolewa, magazeti yaliyosokotwa yamejazwa ndani na kubadilishwa yakilowa. Kamwe si kando ya moto. Ngozi hupasuka na gundi huachia, nimeshuhudia pale Horombo zaidi ya mara moja. Za ngozi zikikauka zipake mafuta ya viatu vya ngozi au nta. Usizifungie kwenye mfuko. Zivae hata mara moja kwa mwezi, kwani kiatu kinachotumika hudumu kuliko kilichofichwa.

Wapagazi nao wanavaa nini?

Nashukuru kila anayeuliza hili, ni wachache. Wagumu, kama wanavyojiita, hubeba mzigo wa wageni hadi kilo 20 juu ya vitu vyao wenyewe, na wengine bado hupanda na raba zilizotoboka na koti la pamba. Baridi haichagui mwenyeji. Moshi kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, unaowaazima mavazi ya mlimani bila malipo, na ukimaliza safari unaweza kuwapelekea buti au jaketi usilohitaji tena. Lakini anza mapema zaidi. Siku ya kulipia safari, kabla hujatoa pesa, muulize mwenye kampuni: wapagazi wangu wana viatu gani, na watalala wapi mvua ikinyesha? Asubuhi pale getini, mizigo ikipimwa, angalia miguu yao. Ukiona mmoja hana kiatu cha maana, msianze kutembea. Mwite kiongozi pembeni, kwa heshima, jambo lirekebishwe hapo hapo kabla hamjaingia msituni.